Mstari wa Kumi na Mbili

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, Osea alimwomba mtoto wa miaka sita ruhusa ya kwenda chooni.

Hakukusudia. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na viti vinne vya mninga vimekaa bure mbele yake. Gloria, binti yake, alikuwa mezani akiandika herufi, ulimi nje. Osea akanyoosha mkono wa kulia juu, akainamisha kichwa, akasema, "Naomba kutoka." Mtoto akamtazama huyu baba aliyeletwa Jumatatu na gari la jeshi, akafikiri kidogo, kisha akasema kama mwalimu wake wa darasa la kwanza anavyosema, "Nenda, ila usichelewe." Osea akanyanyuka akaenda mbio. Aliporudi alimkuta mkewe Jenista kasimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, na aibu ikampanda mpaka masikio yakamchemka.

Asimcheke mtu. Kule alikokuwa, mateka hanyanyuki bila kuomba. Yeye na wenzake wanane walikamatwa na waasi mashariki ya Kongo, alasiri moja ya mvua, walipokuwa kwenye ulinzi wa amani na gari lao likakwama darajani. Wiki ya kwanza tu mwenzao mmoja aliamka kwenda kujisaidia kichakani bila kunyoosha mkono. Hakufika kichakani. Tangu siku hiyo waliobaki waliomba: kusimama, kukohoa sana, kugeuka upande wa pili wakati wa kulala. Waliomba miaka sita. Sasa wewe uambie mkono wa mtu wa namna hiyo kwamba vita imekwisha, uone kama utakusikia.

Nyumbani nako, kusema kweli, walikuwa wameshamzika. Barua ya jeshi ilipofika mwaka wa kwanza ikisema amepotea na hapana matumaini, ukoo ulisubiri miezi mitatu, kisha wakafanya msiba. Kwa kuwa maiti haikuwapo, walizika suti yake ya harusi. Mchungaji alihubiri, watu wakala, wakalia, wakatawanyika, na kaburi likawa nyuma ya nyumba likiwa na jina lake, na herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu fundi alikosea nafasi. Osea alilitazama siku ya kwanza, akasema fundi hakujua kazi, basi. Watu wakashangaa jinsi alivyolichukulia kirahisi. Hawakujua kwamba alikuwa na jambo jingine kubwa moyoni, na jambo hilo lilikuwa shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa bondeni, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, na Osea alikuwa hajaenda. Aliliweka akiba makusudi, kama mtoto anavyobakiza nyama aile mwisho. Ni kahawa ya baba yake: mistari kumi na miwili, kila mstari mibuni ishirini na miwili, wa kwanza ukingoni juu, wa mwisho kwenye kijito. Miaka yote sita Osea aliipogolea kila siku, bila mkasi, akiwa amekaa matopeni kwenye msitu wa watu wengine. Asubuhi walipokwisha kuhesabiwa, alifumba macho akaingia mstari wa siku ile. Mstari wa kwanza, mbuni wa kwanza, toa maotea, yale machipukizi ya shinani. Wa pili, tawi la kushoto limekauka. Wa tatu ni ule uliopinda, ambao Jenista hupenda kuutundikia kitenge chake wakati wa kuchuma. Kufika wa ishirini na mbili, jua lilikuwa limesogea, na yeye alikuwa hajawaza njaa, wala fimbo, wala kufa. Kesho mstari mwingine.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, Lwitiko, kijana wa Ibaba, huko juu Ileje. Lwitiko alikuwa mtu wa viazi na maharage, kahawa hakuijua hata kidogo, na maswali yake yalikuwa ya kuudhi. Kwa nini usipande maharage katikati? Kwa nini usikate yote upande viazi? Waligombana kwa minong'ono kuhusu shamba lililokuwa nchi nyingine, mpaka siku moja Osea akachoka akamwambia, "Haya, chukua mstari wa kumi na mbili, ule wa kijitoni. Ni wako. Fanya utakavyo, ila huku juu usinisumbue." Lwitiko akaupokea kwa mikono miwili, kama anapewa kitu kweli. Kuanzia siku hiyo kila jioni alitoa taarifa. Mbuni wa tano una kutu ya majani. Wa kumi umebeba vizuri. Wa kumi na nane ndio uliomtia wasiwasi, aliusema kila siku, kwamba haukui.

Mwaka wa nne Lwitiko alishikwa na homa. Waasi waliwapa sombe, majani ya muhogo, na maji; dawa hakuna. Siku ya mwisho alimvuta Osea sikio akasema, "Nikichelewa, mama yangu akija mwonyeshe mstari wangu. Na ule wa kumi na nane usiusahau." Alisema hivyo, nikichelewa. Walimzika wenyewe, baada ya kuomba ruhusa. Osea hakulia. Alijiambia kwamba Lwitiko yuko kule chini kijitoni anapalilia, na kwamba mtu akiwa kijitoni huwezi kumwona ukiwa juu. Kwa miaka miwili iliyofuata alipogolea mistari kumi na mmoja kwa ajili yake na wa kumi na mbili kwa ajili ya mwenzake, hadi siku walipobadilishwa na mateka wa upande wa pili wakarudishwa, watu wanne kati ya tisa.

Siku ya pili tangu arudi, simu ya Jenista iliita. Alikuwa mama wa huyo Lwitiko, mama Tabita, amepewa namba na mchungaji wake. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, inatetemeka. "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekaa naye?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Aliacha neno?"

Osea alifikiri. "Aliacha kitu, mama. Njoo Jumapili nikuonyeshe kwa macho."

Yule mama akashukuru sana, akashukuru mpaka salio likaisha. Jenista, aliyekuwa anasikiliza, aliweka sufuria chini polepole. "Kitu gani, Baba Gloria?" Osea akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi, akasema, "Utaona." Jenista akageuza uso, akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Kijiji kizima kilijua kilichoko bondeni, ila mwenyewe. Kila alipotaja shamba, mtu alikumbuka kazi. Leo jua kali. Kesho kuna wageni wa kanisani. Ilikuwa mwezi wa saba, kahawa imeiva, majirani wanapita na vikapu, na yeye anashikwa na chai na maswali.

Siku ya nne alikuja Yesaya, kaka yake mkubwa, na jogoo kwapani. Yesaya ni mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, akamwachia, akamtazama mifupa.

"Suti yako tuliizika, mdogo wangu. Usinidai. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, nikaona uchungu mara mbili."

Osea akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Kaka, kahawa yetu mmeanza kuchuma? Naona watu wote wako mashambani."

Jikoni kulikuwa na sauti ya kisu kwenye ubao. Kikanyamaza.

Yesaya akageuza shingo kuelekea jikoni. "Shemeji, ina maana hujamwambia?" Akamgeukia Osea. "Basi mimi si mtu wa kuficha. Mdogo wangu, kahawa ya baba haipo. Mkeo aliikata. Kwa panga, yote, siku nne kabla ukoo haujakaa kugawa vitu vyako. Simama twende ukaone."

Aliposema simama, Osea akasimama.

Waliteremka bondeni. Yesaya alizungumza njia nzima, na Osea hakusikia hata neno. Walipotokeza kwenye ukingo, aliona mabua. Shamba zima lilikuwa mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, yamelazwa chini, na katikati ya mabua, kwa mistari iliyonyooka, visiki. Visiki vya kijivu, vimekatwa mshazari, kimo cha goti, havina hata jani. Mistari ilikuwa ileile. Angeweza kutembea humo macho yamefumbwa. Akaanza kushuka akihesabu, wa kwanza, wa pili, kisiki cha tatu kimepinda. Hapo hesabu ikamkatikia. Akachutama, akatapika chai yote ya asubuhi.

"Ndiyo hivyo," alisema Yesaya, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba sauti yake ilishuka. "Na mimi iliniuma."

Waliporudi, Jenista alikuwa amesimama uani, mikono imefungwa kifuani, anangoja kama mtu anayengoja hukumu. Osea akamsogelea.

"Kwa nini?"

Jenista alimtazama mumewe, kisha akamtazama Yesaya aliyesimama nyuma yake kifua mbele. "Nilitaka mahindi," alisema.

Neno hilo lilimwingia Osea vibaya kuliko fimbo yoyote ya msituni. Kule alipigwa na watu wasiomjua. Alikwenda kukaa kwenye kona yake sakafuni, na alipofumba macho aingie shambani kutafuta nafuu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita, alikuta visiki. Kule chini kijitoni alikokuwa amemwacha Lwitiko akipalilia, hakukuwa na mtu. Na Jumapili mama yake angekuja na gauni lake la kanisani aonyeshwe mabua.

Alfajiri ilipokuja alikuwa ameshaamua. Angekwenda Tunduma. Mpakani kila mtu katoka kwingine, watu wanashusha mizigo ya malori, wanachanganya Kibemba na Kiswahili, na hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Huko mtu aliyekwisha kuzikwa anaweza kuishi bila kusumbua. Alitia mashati mawili kwenye mfuko wa jeshi, akavaa viatu, akafika mlangoni. Komeo lilikuwa usawa wa mkono wake.

Hakulifungua. Alisimama pale na mfuko begani, kichwa chini, mkono wa kulia juu.

Sijui alisimama kwa muda gani, naye hajui. Jogoo wa Yesaya aliwika uani mara nyingi. Jenista alipotoka chumbani alimkuta hivyo, na hakuhitaji kuelezwa. Aliuona mfuko, akauona mkono. Aliona pia kwamba neno liko kinywani mwake mwenyewe: akisema nenda, mtu huyu atakwenda, na akisema baki, atabaki, kama alivyobaki kwa waasi. Maneno yote mawili yakamtisha.

"Mimi si bwana jela, Baba Gloria," alisema taratibu. "Shusha mkono. Kwanza twende shambani, wewe na mimi, bila shemeji. Ukishaona, komeo ni lako, sitakwambia kitu."

Alichukua panga nyuma ya mlango, akatangulia.

Umande ulikuwa bado kwenye mabua. Jenista aliingia mstari wa kwanza, akapiga goti kwenye kisiki cha kwanza, akakwangua gome kwa ncha ya panga. Chini ya ile rangi ya kijivu palitokea mstari wa kijani, mbichi, wenye maji. Akaenda cha pili, akakwangua. Kijani. Cha tatu, kilichopinda. Kijani.

Osea akaweka kidole. Kilirudi na unyevu.

"Kahawa ni ya ukoo," Jenista alisema, bado kapiga goti. "Unajua sheria yenu. Mume akifa, miti ya kudumu inarudi kwa ndugu zake, na ardhi inafuata miti. Ila shamba la mahindi hawaligusi, maana watoto wanakula hapo. Nikasikia wanakaa Jumamosi. Jumanne nikakata. Walipokuja, kahawa hakuna, kuna mjane na mahindi yaliyokwisha kupandwa. Kaka yako aliruka kama mtu aliyekanyaga siafu."

"Na hivi?"

"Nilikata kwenye goti, kama baba yako alivyokuwa akikata mti mzee ili uanze upya. Kila mwaka mvua zikianza, maotea yanatoka. Nayaacha. Mahindi yanakua, yanayaficha, kisiki kinakula jua miezi mitano. Mahindi yakikauka, kabla sijamwita mtu kuvuna, napita mwenyewe nayakata yote naenda kuyachoma. Shemeji akija kukagua anakuta kuni. Jana ningesema haya mbele yake, leo angekuja na vijana na majembe kudai kahawa bado ni ya ukoo, na wewe ungewaomba ruhusa ya kupita." Akaona amemkata, lakini hakurudi nyuma. "Nisamehe. Ndivyo ulivyo sasa."

Osea hakukasirika. Ilikuwa kweli.

"Na lingine nikwambie, usije ukanifanya malaika. Huu wa kwanza niliukata kwa akili. Kuanzia wa pili nilikuwa nakukata wewe. Uliniambia miezi tisa utarudi, nami nina mimba. Nilikata siku nzima nakutukana, na mkono haukuchoka."

Jua lilianza kugusa ukingo wa bonde. Osea akalisema jambo lake vipande vipande. "Kila siku nilikuwa naipogolea. Kule. Mstari mmoja kwa siku."

"Ipi?"

"Hii."

Jenista akamtazama, akalitazama panga lililo mkononi mwake. "Kwa hiyo wewe unapogolea, mimi nakata," alisema, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya, kifupi, cha kukaribia kulia. Kisha wakatembea. Jenista alijua kila kisiki: huyu alikufa mwaka wa pili, huyu ana nguvu kama ng'ombe, huyu ukimwacha wiki moja anakusaliti kwa majani. Mstari wa nne, wa saba, wa kumi. Osea alifuata akigusa kila kimoja. Wengi walikuwa hai. Alianza kuwaza Jumapili, mama Tabita, namna atakavyomshika mkono amteremshe.

Kwenye mstari wa kumi na moja Jenista alisimama.

"Huku chini usiende."

"Kuna nini?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi kijito kilihama, maji yakalala hapa wiki mbili. Mizizi ilioza. Niliogopa kukwambia, kwa kuwa ulimwambia yule mama kuna kitu, nami nilihisi ni cha humu shambani. Nilijaribu, Baba Gloria. Nilichimba mifereji kwa mikono."

Alikwenda hata hivyo. Alihesabu mpaka wa kumi na nane, akachutama, akakwangua kwa ukucha. Kahawia. Akakwangua zaidi, unga wa mchwa ukamwagika. Alikishika kisiki kwa mikono miwili, na kabla hajavuta kwa nguvu kiling'oka chote, chepesi, kikabaki mikononi mwake.

"Lwitiko amekufa," alisema.

Hajawahi kulisema. Sio kule, sio kwa maofisa waliomhoji, sio kwenye simu kwa mama wa Lwitiko. Alilisema tena, kisha kilio kikamtoka, kikubwa, cha mdomo wazi, maana kule hata kulia kwa sauti kulihitaji kuomba. Jenista alikaa kando yake kwenye mabua yenye umande. Hakumbembeleza, alikaa tu. Osea alimweleza yote: mstari, maharage, taarifa za jioni, homa, na lile neno la nikichelewa. Jenista akasikiliza mpaka mwisho, na Osea alipofika kwenye kutu ya majani ya mbuni wa tano, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, mbuni wa tano ulikuwa na kutu.

Baada ya muda mrefu Osea alijifuta uso kwa shati. Kisiki bado alikuwa nacho.

"Yule mama asije Jumapili," alisema. "Si haki apande gari milima yote ile aje kuambiwa mbele za watu. Nakwenda Ibaba mimi. Nitamweleza, na hiki nitampa."

"Lini?"

"Sasa hivi. Gari la Ileje nitalikuta barabarani."

Jenista alifungua mdomo. Mfuko wenye mashati ulikuwa nyumbani mlangoni, na Tunduma na Ileje zinaanzia barabara moja. Alitaka kumwuliza kama atarudi. Alikumbuka Osea alivyolijibu swali hilo zamani, kwamba ni miezi tisa tu, akafumba.

Osea alikitia kisiki kwapani, akakatiza shamba kwenda upande wa kijito, ambako kuna njia ya mkato kwenda barabarani. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, baridi sana. Alivuka, akapanda ukingo wa pili, akawa anawaza ataanzaje, kama atamwamkia kwanza au atapiga magoti kwanza, alipogundua kitu kikamsimamisha pale pale.

Hakuwa ameomba.

Mgongo ukajikaza kungoja mlio wa bunduki. Alisimama hivyo akihema. Ndege waliendelea na kelele zao. Akageuka polepole. Ng'ambo, kati ya visiki, Jenista alikuwa amesimama palepale, ameliweka panga chini, viganja vyote viwili mdomoni, naye ameona. Hakumwita, wala hakumpungia mkono.

Osea akageuka, akaendelea na safari.